Sahihisheni 9 Desemba kabla haijarudi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Safu yenu ya "Siku kama ya leo" ina wasomaji wengi huku Mwanza, kuanzia vijiwe vya kahawa vya Kirumba hadi kwa wanaosubiri kivuko pale Kamanga, na watoto wa shule huikata wakaibandika kwenye madaftari ya historia. Kosa likishabandikwa kwenye daftari, kulibandua ni kazi. Mstari wa 9 Desemba umekuwa ukirudi kila mwaka na makosa yaleyale, kinachobadilika ni idadi ya miaka tu. Tunauandika hapa kama ulivyotoka:

"1961 – Tanzania yapata uhuru kutoka kwa mkoloni Mwingereza. Mwalimu Nyerere aapishwa kuwa Rais wa kwanza. Askari wa JWTZ apandisha Mwenge juu ya Mlima Kilimanjaro."

Sentensi tatu fupi, na hakuna hata moja iliyo salama.

Tuanze na jina. Mwaka 1961 hapakuwa na nchi iitwayo Tanzania. Iliyopata uhuru ni Tanganyika. Zanzibar ilipata wa kwake 10 Desemba 1963, Mapinduzi yakafuata 12 Januari 1964, Muungano ukaja 26 Aprili 1964, na hata hapo nchi iliitwa kwanza Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Jina la Tanzania limekuja Oktoba ya mwaka huohuo. Wapo wanaodhani wamekwepa mtego kwa kuandika "Tanzania Bara yapata uhuru". Hawajaukwepa. Tanzania Bara ni jina la upande mmoja wa Muungano, na mwaka 1961 Muungano wenyewe haukuwapo. Kama habari ni ya sherehe za mwaka huu, andikeni "maadhimisho ya Uhuru wa Tanzania Bara", hakuna atakayewalaumu, ndivyo kadi za mwaliko zinavyosema. Lakini kama habari ni ya tukio lenyewe, nchi ipewe jina ililokuwa nalo siku ile.

"Mkoloni Mwingereza" kwenye jukwaa la siasa ni sawa, na waliotawaliwa wana haki ya kulitumia neno hilo. Kwenye safu ya tarehe linaficha jambo. Kisheria Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini ya Umoja wa Mataifa iliyowekwa chini ya usimamizi wa Uingereza, na kabla ya hapo ilikuwa chini ya mamlaka ya Shirikisho la Mataifa, baada ya Wajerumani kushindwa vita. Kwa hiyo usiku ule yalikwisha mambo mawili kwa mpigo: utawala wa Uingereza na udhamini wa Umoja wa Mataifa. Tofauti hii inamhusu kila anayepekua karatasi za zamani, kwa sababu tarehe ya kwanza iliyokubaliwa, kwenye mkutano wa Machi 1961 mjini Dar es Salaam, ilikuwa 28 Desemba 1961. Baadaye ikarudishwa nyuma hadi tarehe 9. Kijitabu au jarida lililochapwa katikati ya mwaka ule likikuonyesha 28 Desemba, usidhani mpiga chapa alisinzia. Huo ulikuwa mpango wakati wa kuchapa. Ndiyo sababu karatasi iliyochapwa kabla ya tukio haitoshi kuthibitisha kuwa tukio lilitokea siku iliyotajwa. Inathibitisha kuwa lilipangwa, basi.

Sasa huyo "Rais wa kwanza". Siku ya uhuru Mwalimu hakuapa kuwa Rais, na wala siyo siku aliyoanza kuwa Waziri Mkuu. Uchaguzi wa Agosti 1960 ulikipa chama chake, TANU, viti 70 kati ya 71, Mwalimu akawa Waziri Kiongozi Septemba hiyo, na serikali ya madaraka ilipoanza 1 Mei 1961 akawa Waziri Mkuu. Tarehe 9 Desemba ilimkuta kwenye kiti hicho. Mkuu wa nchi alikuwa Malkia Elizabeth wa Pili, safari hii akiwa Malkia wa Tanganyika, na aliyemwakilisha hapa nchini alikuwa Sir Richard Turnbull. Angalieni neno moja dogo: hadi jioni ya tarehe 8 Turnbull alikuwa Gavana, kuanzia tarehe 9 akawa Gavana Mkuu. Gavana alikuwa anatawala. Gavana Mkuu anatia sahihi kwa ushauri wa mawaziri. Mtafsiri akilidondosha hilo "Mkuu", uhuru wote umedondoka nalo.

Mwalimu alijiuzulu uwaziri mkuu 22 Januari 1962 ili akakijenge chama, nafasi ikashikwa na Rashidi Kawawa. Hesabuni: tangu uhuru hadi siku hiyo ni siku 44. Sehemu iliyobaki ya mwaka ule wa kwanza, Waziri Mkuu alikuwa Kawawa, na katika magazeti mengi mzee wa watu hatajwi kabisa. Kura za urais zilipigwa Novemba 1962, Mwalimu akishindana na Zuberi Mtemvu wa chama cha ANC cha Tanganyika. Akaapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika 9 Desemba 1962, Kawawa akawa Makamu wa Rais. Maana yake tarehe 9 Desemba inabeba matukio mawili yaliyopishana mwaka mmoja kamili, Uhuru na Jamhuri, na ndiyo sababu mabango ya sherehe huandikwa miaka ya Uhuru na miaka ya Jamhuri kwa namba mbili tofauti. Namba hizo hupishana kwa moja daima. Mkiona kwenye rasimu zinalingana, au zimepishana kwa mbili, mjue mtu amesahihisha moja akaisahau nyingine.

Hesabu ya miaka nayo ina tundu lake. Toa 1961 kwenye mwaka uliopo, imekwisha. Mwaka 2011 ilikuwa miaka 50, mwaka 2021 ilikuwa 60. Anayehesabu kwa vidole huanza na 1961 yenyewe kama moja, ndipo anafika 51. Na "miaka 58 ya Uhuru" si sawa na "sherehe ya 58": ukiihesabu sherehe ya 1961 kuwa ya kwanza, ya 2019 ni ya 59, na kuna miaka ambayo gwaride halikufanyika kabisa. Mwaka 2015, kwa mfano, Rais Magufuli alifuta shamrashamra na kuielekeza siku hiyo kwenye usafi nchi nzima, watu wakashika mafagio, makoleo na reki. Kwa hiyo andikeni miaka, msiandike idadi ya sherehe.

JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, iliundwa Septemba 1964, baada ya maasi ya Januari mwaka huo kulimaliza jeshi lililokuwapo. Usiku wa uhuru hakukuwa na JWTZ ya kupandisha chochote. Kikosi cha King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, kilichokuwa Tanganyika ndicho kilichogeuka kuwa Tanganyika Rifles siku ileile ya 9 Desemba, na Alexander Nyirenda, aliyefika kileleni na bendera na Mwenge, alikuwa Luteni. Baadhi ya waandishi humpa cheo alichokifikia miaka mingi baadaye. Kanuni ni ileile ya jina la nchi: mpeni cheo cha siku ile, na kama mnataka kutaja cha baadaye, kitajeni baadaye. Kilele chenyewe, mita 5,895, kilikuwa bado na jina la mfalme wa Ujerumani tangu enzi za Wajerumani, ndipo kikaitwa Uhuru. Wazo la kuuwasha Mwenge Mwalimu alikuwa amelitoa kwenye Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1959, miaka miwili kabla. Tumeona mahali pameandikwa kuwa ni yeye aliyepanda mlima. Hakupanda. Alikuwa uwanjani Dar es Salaam, na mtu hawezi kuwa Kibo na Temeke usiku mmoja.

Hapo kwenye usiku ndipo tunapotaka kukaa, kwa sababu ndipo tarehe nyingi zinapoharibikia, na dawa yake tunayo nyumbani.

Sherehe ya kupandisha bendera ilianza Ijumaa jioni, 8 Desemba 1961, kwenye Uwanja wa Taifa, ule ambao leo unaitwa Uwanja wa Uhuru. Prince Philip alikuwapo kwa niaba ya Malkia. Saa sita usiku taa zikazimwa. Zilipowaka, bendera ya Uingereza ilikuwa imeshuka na ya Tanganyika iko juu: kijani juu na chini, ukanda mweusi katikati, na mistari ya njano ikiupakana kila upande. Mtu aliyekaa jukwaani tangu jioni atakwambia sherehe ilikuwa tarehe 8. Aliyeamka asubuhi akaikuta bendera kwenye ofisi ya wilaya atakwambia ni tarehe 9. Wote wawili wamesema kweli, mhariri akibaki ameshika vitabu viwili vinavyogombana.

Kwa mpango wa zamani wa Kiswahili siku huanza jua linapozama. Jua la Ijumaa likishazama, Jumamosi imeingia, na mzee wa pwani akisema "usiku wa Jumamosi" anamaanisha usiku unaotangulia mchana wa Jumamosi. Kijana wa chumba cha habari anayasikia maneno hayohayo, anaandika "Jumamosi usiku", na uhuru umesogea saa 24. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja anahesabu siku kwa mwanzo wake. Msema kweli hapa ni ule msemo tulionao tangu zamani: usiku wa kuamkia. "Usiku wa kuamkia Jumamosi, 9 Desemba 1961" hausomeki kwa njia mbili, hata ukimpa mzee wa Bagamoyo na kijana wa Buzuruga. Unabeba jioni ya tarehe 8 na saa sita yenyewe kwa pamoja. Lakini msemo huu unazidi kuonekana kwa nadra kwenye kurasa zenu, na tunadhani ni kwa sababu habari nyingi huingia kwa Kiingereza, lugha isiyo na neno kama hilo, kisha hutafsiriwa neno kwa neno.

Saa nazo zimo humohumo. Tukio lililotokea saa moja baada ya usiku wa manane, kwetu ni saa 7 usiku. Mtafsiri mwenye haraka huona namba 1 akaandika "saa 1 usiku, tarehe 21". Msomaji anaelewa ni jioni ya tarehe 21, watu wanapoanza kuandaa chakula. Tukio limesogezwa mbele saa 18, na pengine habari ya mchana wa siku hiyo sasa inaonekana kutokea kabla yake. Huo mfano wa tarehe 21 hatukuuokota hewani. Watu wa ziwa wanaijua 21 Mei 1996. Meli ya MV Bukoba iliondoka Bukoba jioni ya 20 Mei na kupinduka asubuhi ya Jumanne, 21 Mei, ikiwa imekaribia Mwanza. Anayeshika tarehe ya kuondoka ataandika 20, na tumewahi kuiona 20 kwenye maandishi. Makaburi ya Igoma, walikozikwa waliozama, na ibada za kumbukumbu zinashika 21. Kwa chombo cha usiku, cha majini au cha barabarani, andikeni tarehe mbili: ya kung'oa nanga na ya tukio. Inagharimu maneno manne.

Kuna kipimo rahisi cha kuigundua tarehe iliyopotoka, hakihitaji kitabu. Ni jina la siku. Mwaka wa kawaida huisogeza tarehe siku moja mbele katika wiki, mwaka mrefu huisogeza siku mbili. Tuchukue 9 Desemba 1961, Jumamosi, na mtu anakwambia 9 Desemba 2019 ilikuwa Jumapili. Kutoka hapo hadi hapo ni miaka 58. Ndani yake mna miaka mirefu 14, yenye Februari ya siku 29, kuanzia wa 1964 hadi wa 2016. Jumlisha, 72. Gawa kwa 7, inabaki 2. Jumamosi songa siku mbili: Jumatatu. Huyo wa Jumapili amekosea ama siku ama tarehe, mrudishieni habari yake. Kwa kipimo hichohicho 9 Desemba 1962, siku ya Jamhuri, inaangukia Jumapili, na ilikuwa Jumapili kweli. Kalamu moja na nusu dakika. (Kompyuta itakufanyia pia, lakini mara nyingi ni yuleyule aliyeinakili tarehe mbovu ndiye anayeipeleka kwenye kompyuta.)

Mtego mwingine ni namba tupu. Tarehe iliyoandikwa 9/12 kwetu ni 9 Desemba. Kwa Wamarekani ni 12 Septemba. Anayechota kwenye tovuti za Marekani bila kuangalia atawapa wasomaji wenu matukio ya Septemba katikati ya Desemba. Mwezi uandikwe kwa neno, daima. Halafu zipo tarehe jirani, ambazo huvamiana hasa huku kwetu, kwa kuwa ziwa moja lina nchi tatu: Uganda ilipata uhuru 9 Oktoba 1962, Kenya 12 Desemba 1963, na Kenya ikawa Jamhuri 12 Desemba 1964. Tisa ya Oktoba na tisa ya Desemba hubadilishana viti kirahisi, kama vile 10 Desemba ya Zanzibar inavyovutwa nyuma siku moja ili ilingane na Bara. Tanganyika kuingia Umoja wa Mataifa nako si kwa 9 Desemba. Ilikuwa tarehe 14, siku tano baadaye. Uhuru unautangaza mwenyewe, lakini uanachama wa Umoja wa Mataifa huombwa na kupigiwa kura.

Mambo ya dunia yaliyoangukia siku hiyo yapewe kisanduku chake. Mkataba dhidi ya mauaji ya kimbari ulipitishwa 9 Desemba 1948, na hati ya kuthibitisha kuwa ndui imetokomezwa duniani ilitiwa sahihi 9 Desemba 1979. Siku ya Kupambana na Rushwa nayo ni ya 9 Desemba. Ni habari nzuri, lakini mkizichanganya na historia ya nchi, mtoto wa darasa la sita ataandika kwenye mtihani kuwa ndui iliisha kwa sababu ya uhuru.

Tufike nyumbani. Malalamiko ya wasomaji wengi wa Kanda ya Ziwa ni kuwa mstari wa 9 Desemba huishia Dar es Salaam na mlimani. Tunakubaliana nao, lakini hatutaki mtutungie tukio la Mwanza la usiku ule ili kutufurahisha. Yapo ya kweli ya kutosha. Mwaka 1961 hapakuwa na Mkoa wa Mwanza kama wa leo, kwa hiyo msiandike "wakazi wa Mkoa wa Mwanza walisherehekea". Mwanza ilikuwa makao ya Jimbo la Ziwa, lililobeba pia Musoma, Tarime, Ukerewe, Geita na Shinyanga. Bukoba ilikuwa na jimbo lake, Ziwa Magharibi, na jina la Kagera limekuja baada ya vita vya Idi Amin. Katika Jimbo hili la Ziwa, TANU ilinyimwa usajili tangu 1954 na ilikuja kuruhusiwa 1958, mwaka wa vurugu za Geita. Miaka hiyo minne watu hawakukaa wakipunga upepo. Walijenga ushirika wa pamba, na Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya Paul Bomani, lilianza 1955. Mkulima aliyekuwa amezoea kuibiwa kwenye mzani wa mnunuzi alijifunza kupiga kura kwenye chama cha msingi kabla hajapiga ya kitaifa. Mstari mmoja wa namna hiyo chini ya habari ya uwanjani ungemweleza msomaji kwa nini bendera ya Dar es Salaam ilishangiliwa Nansio, kule Ukerewe.

Na kwa kuwa tumemtaja Bomani: msimweke kwenye Wizara ya Fedha siku ya uhuru. Usiku ule Fedha ilikuwa kwa Ernest Vasey, Bomani alikuwa na Kilimo. Alihamia Fedha mwaka 1962, na miaka yake pale ndiyo inayowafanya watu wamrudishe nyuma bila kuangalia.

Kisha kuna 9 Desemba ambayo ni yetu moja kwa moja, na kwenye safu yenu haijawahi kuonekana. Mwaka 2019 sherehe za kitaifa zililetwa Mwanza, kwenye Uwanja wa CCM Kirumba, Jumatatu ile tuliyoihesabu hapo juu. Hapo Rais Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533, kwa mamlaka anayopewa Rais na Ibara ya 45 ya Katiba, na miongoni mwa waliohudhuria alikuwamo Freeman Mbowe wa chama cha upinzani cha CHADEMA, jambo ambalo kwa siasa za miaka ile lilikuwa habari yenyewe. Tahadhari moja: jiwe la msingi la daraja la Kigongo–Busisi liliwekwa katika safari hiyohiyo, lakini lilikuwa 7 Desemba, siku mbili kabla. Msilivute hadi tarehe 9 ili safu ijae. Daraja lilifunguliwa 19 Juni 2025. Miradi mikubwa huwa na tarehe tatu au nne, kusaini mkataba, jiwe la msingi, kuanza kutumika, kuzinduliwa, na kila moja ina picha yake ya kukata utepe au kushika mwiko. Andikeni ni ipi. Neno "kujengwa" peke yake halina tarehe.

Jambo hilohilo linahusu 3 Agosti 1858, mnayoandika kila mwaka kuwa Speke, msafiri Mwingereza, "aligundua ziwa na chanzo cha Nile". Alifika upande wa Mwanza siku hiyo akaliona ziwa, kwa wenyewe waliokuwa wakilivua na kulipa majina kabla babu yake hajazaliwa. Mahali Nile inapotokea ziwani, upande wa Jinja, alipaona 28 Julai 1862. Huku Mwanza alikisia tu. Tarehe ya kukisia na tarehe ya kuona kwa macho zisilale kitanda kimoja.

Kuhusu uthibitisho, ombi letu ni dogo. Kila mstari uwe na vyanzo viwili ambavyo havikunakiliana. Tovuti tatu zenye sentensi ileile, hadi koma, ni chanzo kimoja kilichovaa kofia tatu. Kwa mambo ya sheria someni Gazeti la Serikali, na mtenganishe siku sheria ilipochapwa na siku ilipoanza kutumika, maana zinaweza kupishana kwa wiki kadhaa. Na nakala ya mwaka jana isifunguliwe ikabadilishwa namba tu. Ndiyo njia makosa haya yalivyofika umri huu.

Ili msanifu kurasa asipate kisingizio, tumewaandikia mistari yenyewe, inaingia kwenye safu moja:

"1961 – Usiku wa kuamkia Jumamosi, 9 Desemba, Tanganyika yapata uhuru, udhamini wa Umoja wa Mataifa chini ya Uingereza wafikia kikomo. Julius Nyerere, Waziri Mkuu tangu Mei, aendelea na wadhifa huo; Malkia Elizabeth wa Pili abaki mkuu wa nchi, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Richard Turnbull. Luteni Alexander Nyirenda afikisha bendera na Mwenge kilele cha Kilimanjaro.

1962 – Jumapili. Tanganyika yawa Jamhuri. Nyerere aapishwa kuwa Rais wa kwanza, Rashidi Kawawa awa Makamu wa Rais.

2015 – Jumatano. Gwaride lafutwa, siku yatumika kwa usafi nchi nzima.

2019 – Jumatatu. Sherehe za kitaifa zafanyika Uwanja wa CCM Kirumba, Mwanza. Wafungwa 5,533 wapewa msamaha wa Rais."

Nafasi ikibana, punguzeni ya 2015. Ya 1962 msiiguse.

Na marekebisho ya mstari wa zamani, mkikubali kuyatoa, yatoke palepale kwenye safu, kwa herufi za ukubwa uleule, 9 Desemba yenyewe. Yakiwekwa ukurasa wa ndani kabisa, kati ya tangazo la mnada na hati ya kiwanja iliyopotea, yule mtoto mwenye mkasi na gundi hatayaona.

Wasomaji wenu,
Walimu wastaafu wa historia,
Mwanza